Mzee wa Barazani Asiyeitikia Salamu

Anyesi aliahidiwa kutembezwa mjini Arusha siku alipoolewa, akatembezwa baada ya miaka ishirini na sita. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake: mara kahawa haijavunwa, mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara mtoto ana surua. Kwa hiyo mumewe, Elinaza, alipotamka mwenyewe kwamba Jumamosi wangedandia lori la kahawa kutoka Makumira waende mjini kustarehe tu, Anyesi hakuuliza mara mbili, asije mtu akabadili nia. Alitoa gauni lake la Krismasi sandukuni, akalianika lipungue harufu ya dawa ya nondo.

Hata hivyo, furaha yake ilikuwa na doa. Elinaza ndiye aliyewafundisha vijana wa kanisani kupiga tarumbeta, na hapakuwa na arusi wala maziko pale Makumira yaliyokosa pumzi yake. Lakini baada ya Pasaka aliitundika tarumbeta ukutani, akasema midomo imechoka. Tangu hapo alishinda mlangoni, kimya kama mgeni aliyekataa chakula. Anyesi aliomba jambo moja tu, kwamba safari hiyo imrudishie mume wake.

Enzi hizo za Mwingereza mji ulikuwa mdogo, lakini kwa Anyesi ulikuwa dunia nzima. Mlima Meru ulikuwa umejivua mawingu yote. Elinaza alitembea kifua mbele, amemshika mkewe mkono, jambo ambalo kwao lingezua maneno mwezi mzima.

"Lile ni boma la Wajerumani," alisema. "Na mbele kuna mnara wenye saa juu kabisa."

"Saa ya nini, Baba Ndesanjo, na jua wanaliona?"

Elinaza akacheka, na Anyesi akajisifu moyoni kwa kile kicheko.

Wakafika penye maduka. Barazani kwa fundi cherehani mmoja palisimamishwa sanamu ya mbao, imevishwa suti nyeusi na kofia ili wapitao watamani. Elinaza alisimama mbele yake, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Anyesi alidhani ni utani. Lakini Elinaza aliendelea kusimama, kofia kifuani, kwa maana mtu aliyelelewa vyema kwao hamwachi mkubwa kabla hajaitikiwa. "Shikamoo, mzee!" alirudia, sasa kwa sauti zaidi. Mafundi wawili waliinua vichwa kutoka kwenye vyerehani, wakaanza kuchekea viganjani.

Yote yalimjia Anyesi kwa mpigo: mkono usiomwachia njia nzima, kitabu cha nyimbo kisichofunguliwa tena, kikombe kinachopapaswa kila asubuhi. Midomo haikuwa imechoka hata kidogo. Mumewe alikuwa haoni.

"Twende, baba," alisema kwa upole. "Mzee wa watu ni kiziwi."

"Pole yake," Elinaza alijibu, akavaa kofia yake.

Mchana walikula mtaa wa Levolosi kwa Mwanahalima, mama aliyesifika kwa pilau. Anyesi alikaa ubavuni kwa mumewe. "Nyama iko kushoto kwako," alimnong'oneza. "Kachumbari iko mbele. Pilipili nimeiondoa."

Elinaza aliacha kula. "Mama Ndesanjo, tangu lini unanielezea sahani yangu?"

Anyesi aliisogeza pilipili mbali zaidi.

"Yule mzee hakuwa kiziwi, sivyo?"

"Hata mzee hakuwa. Ilikuwa sanamu ya kuuzia suti."

Elinaza aliangua kicheko, kisha kicheko kikamgeukia kikawa machozi. "Naona vivuli tu," alisema. "Nilitaka niuone uso wako ukiushangaa mji kabla giza halijafunga kabisa. Miaka yote nilipokuwa na macho nilikupa ahadi tupu. Nimechelewa, mke wangu."

Anyesi aliuchukua mkono wake, akauweka shavuni pake. "Basi shika hapa. Hivi ndivyo uso wangu unavyoushangaa mji."

Vidole vya Elinaza vilikaa pale kitambo. Mwanahalima, aliyekuwa akileta chai ya tangawizi, aligeuka akairudisha jikoni kwanza.

"Lakini mimi nimekwisha," Elinaza alisema hatimaye. "Mpiga tarumbeta asiyeona noti za nyimbo ni wa nini?"

Jioni ilipokaribia walisikia tarumbeta zikilia uani kwa kanisa. Aliyewaongoza wapigaji alikuwa Solomoni, mwanafunzi wa Elinaza wa zamani. Alipomwona alikuja mbio. "Shikamoo, mwalimu! Tuongoze japo wimbo mmoja!"

"Marahaba, mwanangu. Siwezi. Macho yangu yamekufa."

Anyesi aliichukua tarumbeta mkononi mwa Solomoni.

"Baba Ndesanjo, unakumbuka alfajiri ile ya Pasaka, kabla hujatuma wazee kwetu? Ulipiga tarumbeta kilimani, nikaisikia nikiwa kitandani, nikasema mtu huyu nitamfuata. Kulikuwa na giza, huoni hata kidole chako. Ulisoma noti gani?"

Elinaza akanyoosha mkono, akapewa tarumbeta. Sauti ya kwanza ilikwaruza kama jogoo mchanga, na mpigaji mmoja akatazama chini kwa haya. Ya pili ilitulia. Ya tatu ilipanda ikaujaza ua wote, wenzake wakaifuata mmoja mmoja, na Anyesi akalia bila kujificha, maana alikuwa amerudishiwa mume wake.

Wakiliendea lori la kurudi nyumbani, Elinaza aliuliza, "Tumefika kwa yule mzee?"

"Ndiyo hapa."

Akavua kofia. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba!" Anyesi aliitikia kwa sauti nzito ya kiume. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Elinaza aliwashinda wote.

Macho yake hayakurudi. Ila alfajiri ya Jumapili, Makumira iliamshwa na tarumbeta iliyokuwa imenyamaza tangu Pasaka, na kila aliyeisikia alikiri kwamba wahenga hawakukosea: heri kufa macho kuliko kufa moyo.