Sare Mia kwa Kipimo Kimoja

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakitunga sheria kabla hata ya kunywa kahawa, Sultani wa Kiwamba aliamka akatangaza sheria kuu, kwamba raia wote ni sawa. Watu wakashangilia. Ilipofika adhuhuri akaongeza kuwa, kwa vile wote ni sawa, askari wote watavaa sawa, na vazi la dini lisionekane lindoni.

Basi Mwanashaha, mjane aliyekuwa askari wa lango la mashariki, akaambiwa achague: avue ushungi wake au arudishe rungu. Akamwendea jirani yake Mbwarali, mshona nguo fukara ambaye suruali yake mwenyewe ilikuwa viraka vitupu, akamwambia kwa uchungu, "Kaka yangu, ushungi sivui ng'o. Lakini wanangu wanne watakula nini?"

Mbwarali akaenda barazani kumwombea. Jemadari Faraji, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, akacheka sana. Sultani akasema, "Maadamu wajitia wakili, wewe ndiwe utakayezishona sare hizo. Zote mia ziwe sawasawa, moja isizidi nyingine hata uzi. Ikizidi, wewe utafungwa na mwanamke huyo atafukuzwa."

"Nimesikia na kutii, Maulana."

Akarudi, akampima Mwanashaha, mwanamke mwembamba wa kimo cha wastani, akashona sare zote mia kwa kipimo chake.

Ikawa siku ya gwaride, askari warefu wakatoka vifundo nje, wanene wakatembea bila kupumua. Jemadari akainama kumwamkia Sultani, na suruali ikapasuka nyuma, kutoka kiunoni hadi mapajani. Wake wa wageni walioalikwa kutazama wakajifunika nyuso, vidole wazi.

"Nipeni nguo nijisitiri!" akapiga kelele Jemadari, akapokonya kitambaa cha meza ya wageni.

"Hasha," akasema Mbwarali. "Hicho kimezidi sare."

Sultani akafoka, "Mpumbavu wewe! Watu mia utawapimaje kwa mwili mmoja?"

"Niwie radhi, Maulana, nilidhani usawa ndio huo. Kama makalio ya Jemadari yaweza kuongezewa nguo na dola isianguke, kichwa cha Mwanashaha kimekosa nini?"

Sultani akamtazama Jemadari aliyekishika kitambaa kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaamuru kila askari apimwe mwili wake, na ushungi ushonwe kwa kitambaa kile kile cha sare. Mbwarali akafanywa mshoni wa jeshi.

Mwanashaha akabaki langoni na ushungi wake, na Jemadari kila alipopita pale aliondoka kinyumenyume, asije akampa mgongo.