Nani Ale Kidari cha Programu ya Nakunda?

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hapa wamekwama watu wazima.

Huko Upareni walikuwapo ndugu watatu. Shemeji Mshana alijua kuchagua. Ukimtuma dukani, analeta kinachokufaa hata kama sicho ulichotaja. Wifi Eliwaza alijua kufundisha, na hakuwa na haraka na mtu. Binamu Senkondo alijua kutilia shaka, na alikuwa anachosha kwelikweli.

Wote walikuwa ndugu wa Nakunda, fundi cherehani. Kikundi chake cha mafundi wanawake kilimkabidhi akiba yao aiwekeze kwenye hisa. Kutwa alichungulia bei kwenye simu, huku sare za wanafunzi zikishonwa kombo. Akaamua kutengeneza programu ya kompyuta, inunue na kuuza yenyewe. Kompyuta yenyewe aliijua kwa kuiwasha na kuizima tu. Akiharibu, akiba ya wenzake ingepotea, na asingekuwa na uso wa kurudi kikundini.

Kila aliyemuuliza alimsifia lugha anayoipenda mwenyewe ya kuandikia programu. Akaanza na ile iliyosifiwa kwa kasi kuliko zote, ikamtoa machozi. Mshana akamkuta anajifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Shemeji, hiyo programu itanunua mara ngapi?"

"Labda mara moja kwa wiki."

"Sasa kasi ya nini? Nani anakukimbiza? Chukua Python. Inasomeka karibu kama maneno ya kawaida, na ukikwama wapo wengi wa kuwauliza."

Moyo wake ukatulia. Mpaka leo Nakunda anasema bila Mshana angeacha.

Lakini kuchaguliwa lugha si kuijua. Eliwaza alikuja kila alasiri, akaketi naye kati ya mapande ya kitambaa. Katika Python, amri iliyo chini ya nyingine husogezwa ndani kidogo; Nakunda alizipanga zote ukingoni, na kompyuta ikagoma.

"Wifi, mfuko wa suruali unaushonea nje?" Eliwaza akauliza. "Amri hii ni ya ndani ya ile. Isogeze."

Nakunda akacheka mpaka akashika mbavu. Akaelewa, na kuanzia hapo akaandika mwenyewe.

Programu ilipokamilika alitaka kuikabidhi akiba siku ileile. Senkondo akakataa katakata.

"Iendeshe kwa pesa za majaribio, zile zisizo za kweli, mpaka Idi ipite."

"Idi na kompyuta wapi na wapi?"

"Sijui. Ila siiamini mashine ambayo haijaona sikukuu."

Nakunda akanuna, lakini akatii.

Mwezi ukaandama mapema, Idi ikaangukia siku moja kabla ya ile aliyoiandika Nakunda kwenye programu kuwa ya mapumziko. Soko likafungwa, bei hazikuja. Programu ikasoma sifuri, ikadhani hisa zinagawiwa bure, ikaagiza kununua kwa pesa zote, soko likifunguliwa, kwa bei yoyote. Nakunda alipoona, alidhani akiba ya wenzake imekwenda. Kisha akakumbuka kuwa zile ni pesa za majaribio, akamshukuru Mungu, akampigia Senkondo na kumwomba radhi.

Akarekebisha kosa, ndipo akaikabidhi akiba. Ikakua polepole, bila kishindo. Wenzake wakafurahi, wakamchinjia mbuzi.

Sasa, katika ukoo wao kidari, ile nyama ya kifua cha mbuzi, hakigawanywi. Hupewa mtu mmoja, mbele ya watu, na kumpa ni kusema: bila wewe tusingefika hapa. Nakunda akasimama na sahani, amejaa shukrani.

"Mpe Eliwaza," Mshana akasema. "Mimi nilitaja jina la lugha tu."

"Mpe Senkondo," Eliwaza akasema. "Nilimfundisha vizuri, na bado angepoteza kila kitu."

Senkondo hakujivunga. "Nipeni. Nimenuniwa vya kutosha."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akakohoa. "Lakini bila Mshana, Senkondo angeitilia shaka programu gani?"

Kicheko kikakatika. Nakunda akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alimpenda zaidi ya aliyetangulia. Mafuta ya kidari yakaanza kuganda.

Mwenzangu, sahani hiyo pokea wewe. Ungemwekea nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?