Kambare wa Bi Sikudhani

Bwawa la Bwana Mkomwa lilikuwa la perege, lakini kambare walilivamia wakawa wanawamaliza. Hata hivyo, aliyemwomba kambare mmoja tu wa kitoweo alifunguliwa mbwa.

Asubuhi moja Bi Sikudhani wa mtaa wa pili aliingia akijipiga kifua.

“Nisamehe, bwana! Kambare wangu, kila mvua ikinyesha, hutambaa wakaja kwako!”

“Kumbe ni wako!” alifoka tajiri. “Waondoe leo hii!”

“Wote? Peke yangu?”

“Wote! Nikimkuta hata mmoja, utanitambua!”

Bi Sikudhani akavua kutwa nzima huku akiomboleza. Jioni mtaa wa pili wote ulinukia samaki wa kukaanga.

“Shoga,” jirani yake aliuliza akilamba vidole, “umeanza lini kufuga samaki?”

“Leo.”