Kwa Nini Nyoka wa Shundwi Ana Magamba ya Vigae

Tulizeni masikio, habari hii haisemwi kwa sauti kubwa.

Kulikuwa na wakati ambapo bahari ya kisiwa cha Shundwi haikuwa na kitu cha kuogopwa. Watoto waliogelea mpaka nje ya miamba, wakapiga mbizi na kurudi na makombe ya baharini mikononi, na mama zao hawakuinua hata kichwa kutazama. Nyoka wa baharini walikuwepo, lakini walikuwa wa urefu wa kidole, laini, bila gamba hata moja.

Wakati huo watu wa Shundwi walikuwa na mila moja ambayo leo hakuna anayependa kuitaja. Kila mtoto akitimiza miaka saba alipewa mtungi, akaenda kwenye vidimbwi vya mwambani maji yakiwa yametoka, akarudi na kiumbe kimoja hai. Wengine walirudi na kaa, wengine na pweza, wengine na samaki taa mdogo mwenye mwiba. Waliwalisha na kuwapa majina. Kisha mara moja kwa mwaka, siku ya bamvua kubwa, maji yanapotoka na kujaa kuliko siku zote, waliwamwaga ndani ya uzio wa fito uliojengwa kwenye kidimbwi cha ufukweni, viumbe wakapigana huku mji mzima ukitazama.

Na ili kiumbe apigane vizuri, ilibidi apigiwe mtungi. Siku saba kabla ya bamvua mtungi ulifunikwa, chakula kikakatwa, na mwenyewe akaugonga ubavuni kwa kijiti asubuhi, adhuhuri na usiku wa manane. Aliyekuwa ndani hakupata usingizi. Alipotolewa alikuwa tayari kuuma chochote.

Mitungi yote ya Shundwi ilitoka mikononi mwa mfinyanzi mmoja, Bi Mkasi. Binti yake, Mize, alipotimiza miaka saba alirudi kutoka mwambani na nyoka wa kidole. Alimkuta amekwama kwenye ufa wa jiwe, maji yamemkaukia, akashindwa kumwacha. Alimwita Ukindu, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama ukindu wa kusukia mkeka.

Bi Mkasi alimtazama yule nyoka, akacheka. "Huyu utampigiaje mtungi, mwanangu? Ukigonga mara moja atakufa kwa kihoro."

"Simpigii," alisema Mize.

Basi mama akamfinyangia mtungi wa peke yake, mwembamba kuliko yote aliyowahi kuichoma, ukuta wake kama ganda la yai. Aliona mtungi usiopigwa hauhitaji unene.

Kila asubuhi Mize alizamisha mkono ndani ya mtungi na kukunjua kiganja. Ukindu alisikia nyayo zake tangu mlangoni, akapanda juu, akalaza kidevu katikati ya kiganja na kula uduvi mmoja mmoja. Hata uduvi ulipokwisha hakuondoka. Alibaki pale akipumua, na Mize alikuwa anachelewa kuteka maji kwa sababu hakutaka kuwa wa kwanza kuutoa mkono.

Alipofika miaka kumi na miwili, sheria ilimtaka aingize kiumbe wake uzioni. Mwaka wa kwanza Ukindu alikimbilia pembeni, akajiviringisha kwenye ufito mpaka mchezo ulipokwisha. Mwaka wa pili alijificha ndani ya alama ya unyayo wa Mize mchangani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jirani yao Vuai, mchonga makasia, ambaye kaa wake Koleo alikuwa mkubwa kama sahani na hajawahi kushindwa, alijifuta machozi.

"Mize, mtie huyo kwenye mchuzi," alisema. "Ila tafuta kumi, ili mchuzi nao ujue umetiwa kitu."

Mize alikuwa anafikiria mwaka wa tatu. Kiumbe aliyeshindwa mara tatu alimwagwa juu ya Jiwe Kavu, juani, na mwenyewe alitakiwa kusimama pale mpaka kiumbe asitikisike tena. Alikuwa amemwona mjomba wake akisimama hivyo na pweza wake, tangu asubuhi hadi pweza alipoacha kujikunja. Na aliyemtorosha kiumbe wake baharini, nyumba yake yote ilifungiwa kisima, isiteke maji.

Alikwenda kwa Jumbe Faki, mzee aliyesimamia uzio. "Babu, niruhusu nimrudishe alikotoka. Hatamdhuru mtu."

Jumbe Faki hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha, akampa kipande cha muwa. "Nikikuruhusu wewe, kesho atakuja mwingine, na keshokutwa uzio ni mtupu. Hujampigia mtungi hata siku moja, mjukuu wangu, kisha unanililia kwamba hashindi. Mpigie. Ndiyo njia ya kumwokoa."

Maneno hayo yakamkaa moyoni. Zilipobaki siku saba kabla ya bamvua ya tatu, Mize aliokota kijiti.

"Mtungi ule sikuufinyanga ili upigwe," alisema mama yake.

"Nitagonga taratibu, mama."

"Wewe uliye nje ndiye unayesikia taratibu."

Mize alifunika mtungi, akagonga. Mara akasikia kitu kikijisugua chini ya kifuniko. Ukindu alikuwa amepanda juu akidhani anaitwa kula. Aligonga tena, akapanda tena. Siku ile ya kwanza kila alipogonga Ukindu alikuja. Siku ya tatu alikuja kwa kuchelewa. Siku ya tano hakuja. Mize aliegemeza mdomo kwenye udongo, akamwambia, "Ni kwa ajili yako. Zimebaki mbili tu," kisha akagonga, kwa sababu mtu akishafika siku ya tano huona hasara kuacha. Siku ya saba mtungi ulikuwa wa moto, na ulikuwa kivulini tangu asubuhi.

Bamvua ilipofika, bahari ilirudi nyuma kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Watu walijipanga kuuzunguka uzio wakiwa na vyungu na vijiti, maana ndiyo ilikuwa desturi, kugonga ili viumbe wachemke. Mize aliinamisha mtungi wake. Hakikutoka kitu. Akautikisa kidogo, na mtungi ukapasuka mikononi mwake.

Aliyeanguka majini hakuwa wa kidole tena. Alikuwa wa urefu wa mkono, na vigae vya mtungi vilikuwa vimemganda mwilini, kimoja juu ya kingine, vyekundu, na kingo zake kali. Koleo alimwendea akiwa amenyanyua magando. Ukindu alimmeza na ganda lake. Watu walipiga kelele za furaha, wakagonga vyungu kwa nguvu zaidi. Ukindu akageuka kwa pweza, kisha kwa taa, na kwa kila pigo la kijiti mwili wake ulitanuka, na kila ulipotanuka vigae navyo vilikua.

Mize ndiye wa kwanza kuelewa, maana ndiye aliyejua sauti ile ilimfanyia nini aliye ndani. "Acheni kugonga!" alisema. "Jamani, anasikia!" Lakini katika makelele yale hakuna aliyemsikia. Jumbe Faki, alipoona fito zinakatika, alitoa amri vyungu vyote vipigwe kwa pamoja ili mnyama aogope na kurudi nyuma. Vikapigwa. Nyoka alisimama akawa mrefu kuliko minazi, kisha akajirusha baharini, na bahari iliyokuwa imerudi nyuma ikaja naye yote kwa mara moja.

Mtaa wa chini haukubaki. Nyumba zilikwenda na watu waliokuwamo. Jumbe Faki alionekana mara moja akiwa bado ameshika kijiti, kisha hakuonekana tena. Bi Mkasi alikuwa tanurini mwake, karibu na maji, na tanuri halikuonekana, na yeye hakuonekana.

Waliopona walipanda kwenye mwamba wa kaskazini. Mize alikuwa miongoni mwao, na alimwona Ukindu akizunguka kisiwa, akipiga kila jiwe lililorudisha mwangwi wa vyungu. Akashuka peke yake mpaka ukingo wa maji, akapiga magoti, akazamisha mkono na kukunjua kiganja.

Maji yakatulia. Kichwa kikubwa kama paa la nyumba kikaja taratibu, damu imeganda kwenye vigae, na ncha ya kidevu ikalala kiganjani. Mize alisikia pumzi ileile, ila sasa ilimwagia mvuke mpaka mabegani. Kiganja kilikuwa kitupu. Nyoka alisubiri. "Sina kitu leo," alimwambia, "lakini sigongi tena." Na nyoka akabaki pale pale, kama zamani.

Huenda yote yangeishia hapo. Lakini juu ya mwamba Vuai alikuwa amemwona mtoto wa jirani yake mbele ya mdomo ule. Alimpenda Mize, pamoja na utani wake wote. Akaokota chungu kilichookolewa, akakigonga kwa jiwe ili mnyama akimbie.

Kichwa kikashtuka na kugeuka, taya zikafungana. Nyoka akazama, na mkono wa Mize ukaenda naye, tangu kifundo.

Mize aliishi mpaka akazeeka. Kila bamvua alishuka akazamisha mkono uliobaki, akakaa mpaka maji yajae. Hakuna kilichopanda.

Hiyo ndiyo sababu nyoka wa Shundwi leo ana magamba mekundu ya udongo uliochomwa, yenye kingo zinazokata kamba na mbao. Hiyo ndiyo sababu wafinyanzi wa hapa hufunga vyungu vyao kwa vitambaa visigongane wakipita ufukweni, na hakuna anayefuga kiumbe cha maji. Kabla ya kuingia baharini mtu huinama, hukunjua kiganja ndani ya maji na kusubiri pumzi kumi, akiwa amenyamaza. Wageni hutucheka. Wao hupita huko nje wakigonga makasia ubavuni mwa vyombo vyao ili wapige mapigo sawa, na mara nyingine hawafiki waendako.

Miili yao huletwa na maji baada ya siku mbili tatu. Haijaliwa, wala haina jeraha. Ila mtu anayezama hufa amekunja ngumi, sisi sote tunajua, na hawa huokotwa ngumi zao zimefunguliwa, kidole kimoja kimoja, na viganja vimetazama juu, kama kuna aliyekuwa anatafuta kitu ndani yake.