Kamati ya Neno Moja

Kamati Ndogo ya Uratibu, Usimamizi na Tathmini ya Matamshi ya Neno la Ufunguzi. Hilo ndilo lililokuwa jina lake kamili, ndugu zangu, na msicheke bado. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza hazina asiye na hazina, na chai ya saa nne yenye maandazi. Na neno lenyewe, lile lililohitaji kuratibiwa, kusimamiwa na kutathminiwa, lilikuwa moja tu. *Oremus.* Kwa Kilatini maana yake ni "tuombe". Basi.

Kikao cha kwanza kilijadili kama neno hilo lisemwe kwa sauti ya kawaida au sauti ya sherehe. Kikao cha pili kilisoma kumbukumbu za kikao cha kwanza. Na kwa vile mila za kanisa zinataka watu wanyamaze kidogo baada ya neno hilo, Kamati iliona ukimya haupendezi mbele ya mgeni rasmi, ikaagiza waumini wote waitikie "Amina!" kwa nguvu na kwa pamoja. Katika Kamati nzima hakuna aliyejua Kilatini. Lakini hilo halikuwa kwenye ajenda.

Sasa sikilizeni. Haya yalikuwa katika shule moja ya sekondari ya wasichana, ya masista, huko milimani kwenye baridi. Shule hiyo ilikuwa bado inafundisha Kilatini, pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Bodi ya shule ilikuwa imekwisha kuandika kwamba Kilatini ni "somo lisilo na tija", lifutwe. Neno la mwisho lilikuwa la Askofu, naye alikuwa anakuja kubariki bweni jipya. Angesikia Kilatini cha wasichana, kisha angeamua.

Na kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye, kama somo hilo lingefutwa, afadhali mngemkata mkono.

Jamani, kuna watoto wanaopenda mpira na kuna wanaopenda kusuka nywele. Huyu alipenda maneno. Alianza kupagawa siku ile Sista wa Kilatini alipoandika *mensa* ubaoni, akaipiga meza kofi, akasema, "Mnaegemea Kilatini hapa na wala hamjui!" Akawaeleza jinsi neno hilo lilivyopita kwa Wareno, likateremka pwani yetu, likawa meza. Na shule je? Hilo nalo ni la Kilatini, lilikuja kwetu na Wajerumani. Na gereza? "Gereza," alisema Sista huku akicheka peke yake, "linatokana na neno la Wareno la kanisa. Msiniulize ilikuwaje."

Darasa lililipuka. Binti akasimama kabisa. "Sista! Kwa hiyo bibi yangu kule kijijini anajua Kilatini?"

"Anakijua, mwanangu. Ila hajaambiwa."

Tangu siku hiyo binti alitembea kama mtu aliyepewa funguo za nyumba za watu. Alishika Kifaransa, akakuta ndani yake mifupa ya Kilatini. Akashika Kiingereza, akaikuta mifupa ileile imevalishwa koti. Usiku bwenini aliwaamsha wenzake kwa furaha: "Nyie! Nyie, amkeni! Nimekuta jingine!" Wenzake walimrushia kandambili.

Lakini kila mtu na mzigo wake. Kwao binti huyu, herufi R ni mgeni asiyefika. Nyumbani kwao redio ni *ledio*, barabara ni *balabala*, na mtu akiitwa Rozalia huitikia akiitwa Lozalia. Ndiyo maana shuleni jina lake lilikuwa Ledio.

Siku alipochaguliwa kusema neno la ufunguzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani katika Kilatini, alikwenda kwa Sista akafanye mazoezi. Akasimama wima, akakunja mikono kifuani, akasema kwa heshima zote:

"*Olemus.*"

Sista alivua miwani. Akajifuta macho. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Nimekosea, Sista?"

"Mwanangu, kitu ulichosema ni Kilatini safi kabisa. Hakina kosa hata moja la sarufi."

"Sasa mbona unalia?"

"Kwa sababu maana yake ni 'tunanuka'."

Binti alishika mdomo. Kisha, kwa jinsi alivyokuwa, macho yakamng'aa. "Helufi moja tu, Sista? Kutoka kuomba mpaka kunuka ni helufi moja?"

"Moja tu. Na mwenye kuelewa tofauti hiyo siku ile atakuwa amekaa mbele yako na kofia ndefu kichwani."

Hapo furaha ikazimika. Binti akaona kilichokuwa mezani: akiteleza ulimi, Askofu atasikia anatukanwa, na somo litafutwa kwa herufi moja.

Walihangaika naye, ndugu zangu! Wenzake bwenini walimwambia awashe pikipiki kwa ulimi. Wao *rrrrr*, yeye *llllll*. "Ledio," wakamwambia, "hiyo pikipiki yako haina plagi." Wakamkaririsha "gari limekwaruza barabara", naye akawaletea *gali limekwaluza balabala*, wakagaagaa vitandani kwa kicheko. Naye alicheka nao, kisha akajifunika blanketi na kuendelea kunong'ona peke yake.

Ilipobaki siku moja, alikwenda mbele ya Kamati kuomba aondolewe.

Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa idara fulani, mtu mwema, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Binti, tatizo lako hasa ni lipi?"

"Mheshimiwa, ulimi wangu ukiteleza nitakuwa nimetukana. Nitasema tunanuka."

"Kwani nani atajua?"

"Baba Askofu. Na Sista wetu."

"Wengine?"

"Mungu."

Mwenyekiti alimgeukia katibu. "Andika: watakaojua ni watatu." Kisha akamwambia binti kwa upole wa kiofisi, "Mwanangu, ratiba imeshachapwa na jina lako limo. Ratiba ikishachapwa, imechapwa. Nenda kapumzishe ulimi."

Basi siku ikafika. Kanisa limejaa pomoni, maua hadi mlangoni, wazazi na kanga mpya, Bodi mstari wa mbele, Kamati nyuma yake. Askofu ameketi. Na yule Sista wa Kilatini kajibana pembeni kwenye nguzo, rozari mkononi, anasali kwa ajili ya konsonanti.

Binti akapanda. Akavuta pumzi. Akakumbuka pikipiki, akakumbuka gari na barabara, akaupandisha ulimi juu kama alivyofundishwa. Kwa sauti nzuri ya sherehe, iliyoidhinishwa na kikao, akasema:

"*Olemus.*"

Na kanisa zima, sauti moja, kuta zikatetemeka: "AMINA!"

Mwenyekiti wa Kamati alitikisa kichwa kwa kuridhika. Katibu aliweka alama ya vema kwenye karatasi. Bodi ilikaa vizuri zaidi. Kila kitu kilikuwa kimekwenda kama kilivyopangwa! Askofu peke yake alikuwa amenyanyua uso taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.

Binti alimtazama Sista. Sista alifumba macho, akapeleka mkono mbele: endelea, mwanangu, endelea, imeshapita. Na kweli ilikuwa imepita. Angeweza kuendelea na sala iliyofuata, na katika watu wote wale hakuna ambaye angemuuliza kitu. Nawauliza, ndugu zangu: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Tayari umeshapewa Amina. Nani huirudisha Amina?

Binti alishuka kidaraja kimoja.

"Mhashamu Baba Askofu, samahani. Naomba kuludia. Nimesema tunanuka."

Mwenyekiti alisimama nusu, akakaa. Mama mmoja nyuma alinusa kanga yake kwa siri.

Askofu akauliza, "Na hawa wote wamejibu nini?"

"Wamejibu Amina, Baba."

"Wamejua walichokijibu?"

Binti alilitazama kanisa, akawaonea huruma. "Wameagizwa, Baba."

Ndipo Askofu akaanza kucheka. Si kicheko cha kofia. Ni kicheko cha tumbo, hadi fimbo ikamponyoka, ikalia *kwaa!* sakafuni. Alipotulia akasema, "Binti yangu, mwaka huu nimealikwa sherehe nyingi, na nimeambiwa kila mahali kwamba mambo yanakwenda vizuri. Hapa ndipo mahali pa kwanza nilipoambiwa ukweli kabla ya chakula. Tunanuka. Mimi pia. Na anayenuka afanye nini?" Akamwinamia. "Sema nami: *Olemus, ergo oremus.* Tunanuka, kwa hiyo tuombe."

Binti akajaza mapafu. Uso wote ulikuwa unawaka.

"*Olemus, elgo olemus!*"

Tunanuka, kwa hiyo tunanuka! Askofu alijishika mbavu. Sista alikumbatia nguzo. Na safari hii Askofu akawageukia watu, akawatafsiria neno kwa neno, akasema, "Sasa itikieni, kama mnakubali." Walicheka kwanza. Halafu, polepole, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake, wakasema Amina. Haikuwa ya pamoja. Haikuwa na nguvu. Kamati isingeipitisha.

Kuhusu Kilatini, Askofu aliamua palepale. Somo liendelee, kwa sharti moja: Kamati nzima ihudhurie, kiti cha mbele, daftari mkononi. "Maana," alisema, "shule hii ina mtoto anayesikia anachosema. Wakubwa zake nao wapate nafasi hiyo."

Haya sasa, tumecheka. Tujitazame.

Sisi tulidhani mwenye aibu katika habari hii ni yule aliyekosea. Sivyo! Yule binti alikosea kwa sababu alijua kuna kosa na kuna sahihi, na kati yake kuna herufi. Asiyejua lugha hakosei, ndugu zangu. Asiyejua huitikia tu. Ni Amina ngapi wewe umeitikia mwaka huu kwa kuwa jirani yako ameitikia? Siku ya ndoa yako ulisema "ndiyo" kwa lugha gani? Uliielewa? Kila siku tunasema "utusamehe kama tunavyosamehe", kisha tunatoka mlangoni bila kumpa jirani mkono. Hiyo si lugha ya kigeni? Tumeikariri toka utoto na bado hatujaisoma!

Na ninyi wazazi mnaomuuliza mtoto, "Kifaransa kitakupa kazi gani? Kilatini nani anazungumza?" Mwacheni ajifunze! Mwacheni awashe pikipiki kwa ulimi usiku kucha! Mtoto anayejifunza lugha ya wengine anafungua sikio lililokuwa limeziba, na sikio likishafunguka halichagui. Litasikia ya Warumi, na litasikia ya nyumbani kwenu pia. Mnaogopa nini? Kwamba siku moja atashuka kidaraja kimoja, aseme mbele ya watu, "Samahani, baba, samahani, mama, tulichosema sicho tulichokusudia"? Mungu atujalie watoto wa namna hiyo. Na atujalie sisi wenyewe ulimi wa kurudia, hata ukirudia vibaya.

Maana Mungu hababaishwi na R. Anayo masikio ya kutosha kwa wote wenye *ledio*. Lakini anataka tujue tunachomwambia.

Kamati Ndogo ya Uratibu, Usimamizi na Tathmini ya Matamshi ya Neno la Ufunguzi ilikaa kikao chake cha mwisho wiki iliyofuata, kwa chai na maandazi. Taarifa yake inasema kwamba neno la ufunguzi lilitamkwa kwa ufasaha, waumini wakaitikia ipasavyo, na mgeni rasmi akaonyesha furaha.

Binti alisema tunanuka, na kanisa zima likajibu Amina.