Fisi Aomba Kurekebisha Hati ya Madai

Mwaka huo mvua iligoma, mito ikabaki mchanga, na wakubwa wa mwituni wakaunda kamati ya kushughulikia kiu. Kamati ikanywa chai. Sungura, mwenye digrii mbili na ajira sifuri, akachoka kusubiri. Akachimba kisima kwa kucha zake mpaka maji yakatoka, wanawe wanne wakanywa.

Wiki haikuisha, Fisi akamfungulia kesi, kisima kikafungwa hadi hukumu. Hati yake ya madai ilisema: kisima nimechimba mimi.

Hakimu alikuwa Simba, ambaye hoja haikumwingia masikioni mpaka aitwe Mtukufu mara tatu. Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, akaanza kutoa ushahidi. "Huyu Fisi? Hajawahi kuchimba hata mhogo. Sungura ndiye aliyechimba, nilikuwepo."

Fisi akainuka. "Mtukufu, Mtukufu, Mtukufu, naomba kurekebisha hati. Kisima nilirithi kwa baba."

"Objection," Sungura akasema. "Kesi iko katikati, shahidi kashasema."

"Sheria inaruhusu," Simba akajibu huku akipiga miayo. "Aongeze kwa wino mwekundu."

Tai akapanda kizimbani. "Baba yake alikufa kisima hakijachimbwa. Nina uhakika, nilimla mimi."

"Naomba kurekebisha," Fisi akasema. "Nilipewa zawadi."

Wino mwekundu tena. Sungura akaona wazi kwamba huyu bwana atabadilisha hadithi mpaka watoto wakauke. Kumzuia kumeshindikana, basi amsukume.

"Mtukufu, mimi sina pingamizi. Ila kaka Fisi, msomi kama wewe unagombania kakisima? Maadamu hati iko wazi, dai bonde zima. Kesho huenda usiruhusiwe."

Udenda ukamchuruzika Fisi. Akaandika: maji yote ya bonde ni yangu, na kila anayeyanywa ni mwizi.

Sungura akaisoma kwa sauti, polepole, kisha akauliza, "Mtukufu, with due respect, asubuhi ulikunywa wapi?"

"Dimbwini kwangu. Bondeni."

"Basi karibu, mdaiwa wa pili."

Manyoya ya Simba yakasimama. "Mimi, mwizi?"

"Naomba kurekebisha," Fisi akanong'ona.

"Umechelewa." Kofi likashuka, likafuta kesi pamoja na meno mawili. Fisi akafukuzwa bondeni, akalamba umande kiangazi kizima, na Sungura akarudi kuwatekea wanawe maji.

Mtaka yote hukosa yote.