Mwiko wa Shaame

"Shika mwiko naye kabla hujautundika." Mmeisikia leo, wanangu, na mwataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa Pemba alikuwako mpishi wa halwa, Fundi Haroub, mcha Mungu na mtu wa maneno machache. Jikoni mwake mvuke wa iliki na zafarani ulitanda tangu asubuhi, hata aliyeingia alijiona kama apitaye ndani ya wingu, asijue yu macho au yu ndotoni.

Huko alifanya kazi Shaame, ambaye halwa yake iliungua majuma matatu mfululizo. Na desturi ya mafundi ilikuwa hii: aliyeshindwa, mwiko wake hutundikwa ukutani siku ya Ijumaa mbele ya wenzake, na tangu hapo hapati karai la kusonga halwa katika mji mzima.

"Fundi, kesho Ijumaa," alisema Kombo, msimamizi. "Msumari nishaupiga."

"Umeuharakia, Kombo. Huyu umemfundisha nini?"

"Namkaripia kila siku!"

Haroub alitaka kumlaumu, lakini moyo ulimsuta: yeye mwenyewe alikuwa akitazama tu kutoka mlangoni. Akavua kanzu, akasimama nyuma ya Shaame, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake. Wakasonga. Moto ulinong'ona, uji ukang'aa kama kaharabu, na Haroub alihisi kana kwamba karai lapumua. Ndipo akatambua: mwiko ulikuwa ukielea tu.

"Mbona hugusi chini, mwanangu?"

"Fundi, mwaka jana ulinikataza nisiikwaruze shaba ya karai lako."

"Ah! Siku ile ulikuwa ukiliosha kwa mchanga!"

"Hukusema ni siku ile tu, Fundi."

Kombo alicheka peke yake.

Haroub akaukandamiza mwiko hadi chini, mikono minne ikienda pamoja. Hata hivyo halwa ya siku ile iliungua kidogo. Ijumaa mafundi walipokusanyika, akawaambia, "Nipeni majuma mawili. Akishindwa, tundikeni wangu."

Kila siku alisonga naye, akilegeza mikono kidogo kidogo, hadi asubuhi moja Shaame akageuka akamkuta ameketi mbali na tasbihi yake. Halwa ilimiminwa siniani, safi, haina hata chembe nyeusi.

Kombo aliung'oa msumari mwenyewe. Na tangu hapo, bwana kazi akija kwa wazee kumshitaki mtu wake, huambiwa kwanza: shika mwiko naye kabla hujautundika.